Upande wa nyuma wa transkripti: kisa cha mhadhiri mmoja na ithibati ya chuo

Kisa hiki kinahusu mstari mmoja katika jedwali lenye mamia ya mistari. Ulikuwa mstari wa mhadhiri wa muda anayefundisha utangulizi wa takwimu katika chuo cha miaka miwili kusini mwa Marekani. Mimi nafanya kazi katika chuo hichohicho, kwenye ofisi inayoshughulikia ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba chuo kinakidhi viwango. Mhadhiri ni mama wa Afrika Mashariki, na ameniruhusu nikieleze kisa chake mradi nisimtaje yeye wala chuo. Nimekiandika kwa sababu wenzetu wengi waliosoma nyumbani wanafundisha vyuo vya huku wakiamini kwamba cheti cha uzamili kikishakubaliwa, mambo yamekwisha. Hayajaisha.

Kwanza mazingira. Serikali kuu ya Marekani haivipi vyuo ithibati yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na mashirika yasiyo ya serikali ambayo wizara ya elimu inayatambua, na mwanafunzi hapati mkopo wala msaada wa serikali kuu akisoma kwenye chuo kisicho na ithibati ya shirika linalotambuliwa. Kwa hiyo chuo kikipoteza ithibati, mara nyingi kinakuwa kimekwisha. Vyuo vingi vya majimbo 11 ya kusini, kuanzia Virginia hadi Texas, viko chini ya shirika linaloitwa Southern Association of Colleges and Schools Commission on Colleges, kwa kifupi SACSCOC, lenye ofisi zake Decatur, Georgia. Kila baada ya miaka kumi chuo hupitiwa upya, kanuni kwa kanuni.

Kanuni iliyotuleta hapa ni 6.2.a. Inakitaka chuo kitoe hoja na kionyeshe nyaraka kuhusu sifa za wahadhiri wake katika kila programu. Ni vitenzi viwili, na kila kimoja kina uzito wake. Nyaraka bila hoja ni rundo la karatasi. Hoja bila nyaraka ni maneno ya mdomoni.

Pamoja na kanuni hiyo kuna mwongozo ambao kila mtu wa kazi hii anaujua kwa moyo. Mwalimu wa kozi ya kiwango cha shahada ya kwanza, au ya chuo cha miaka miwili ambayo mwanafunzi atahamia nayo chuo kikuu, awe na uzamili au uzamivu katika fani anayofundisha. Kama uzamili wake ni wa fani nyingine, basi awe na angalau saa 18 za muhula za masomo ya uzamili katika fani hiyo (saa moja ya muhula ni saa moja ya darasa kila wiki kwa muhula mzima). Huo ni mwongozo, si sheria. Maandishi yake yanakitaka chuo kitangulize shahada ya juu katika fani, kisha kitazame pia uzoefu wa kazi, leseni za taaluma, tuzo, ubora wa ufundishaji uliothibitishwa na umahiri mwingine. Lakini watu wakishaizoea namba, namba hugeuka ukuta. Nimeona wakuu wa idara wakitamka "kumi na nane" kana kwamba ni amri iliyoshushwa.

Jedwali lenyewe, ambalo chuo hulijaza kuonyesha sifa za wahadhiri wake, lina safu nne: jina na kama mtu ni wa kudumu au wa muda, kozi alizofundisha katika mihula inayokaguliwa, pamoja na saa zake na kiwango chake, shahada na masomo yanayohusiana na kozi hizo, na mwisho sifa nyingine. Safu ya nne ndiyo watu huijaza wakiwa wamechoka, na ndiyo iliyokuja kuamua kisa hiki.

Mstari wa mama ulisomeka hivi. Safu ya pili: utangulizi wa takwimu, saa tatu, kozi ya kuhamia chuo kikuu, na hisabati ya maandalizi kwa wanaoanza. Safu ya tatu: shahada ya uzamili ya uchumi wa kilimo kutoka chuo kikuu cha Afrika Mashariki, "saa 10 za uzamili". Safu ya nne: "Ana uzoefu wa miaka mingi katika takwimu."

Kamati ya kwanza ya ukaguzi haifiki chuoni. Wanachama wake husoma nyaraka wakiwa mbali, kisha hutoa orodha ya kanuni ambazo hawakuridhika nazo. Kwenye 6.2.a walitaja wahadhiri kadhaa, na mama alikuwa mmoja wao. Walisema uzamili wake si wa takwimu, saa zilizoorodheshwa ni 10, na safu ya nne haina ushahidi. Sina la kuwalaumu. Ningekuwa mimi nimekaa upande wa pili wa meza na mstari ule, ningeandika vilevile. Baada ya hapo chuo hupewa nafasi ya kujibu kwa ripoti maalumu, ambayo inapaswa kuwafikia wakaguzi wiki sita kabla hawajafika chuoni.

Pendekezo la kwanza lililotolewa kwenye kikao lilikuwa jepesi: tumwondoe kwenye takwimu, abaki na hisabati ya maandalizi ambayo masharti yake ni mepesi zaidi, na tuandike kwamba tatizo limerekebishwa. Kwenye karatasi lingekuwa limerekebishwa kweli. Lakini mhadhiri wa muda hulipwa kwa kozi, kwa hiyo tungekuwa tumemkata kipato kikubwa. Isitoshe, tungekuwa tumekiri kwamba kwa miaka kadhaa tulimweka darasani mtu asiyestahili, na wakati huo hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa ameifungua transkripti yake, yaani orodha rasmi ya kozi na alama zake, akaisoma. Nikaomba wiki moja.

Nilimpigia simu jioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia jina langu limefika mbali."

Nikamweleza. Nikamwuliza zile saa 10 zimetoka wapi, maana mtu hamalizi uzamili kwa saa 10. Akanyamaza kidogo.

"Hizo si saa, ni yuniti. Karatasi umeigeuza?"

Nilikuwa sijaigeuza, kwa sababu sikuwa na karatasi. Nilikuwa na picha yake kwenye kompyuta, ukurasa mmoja uliopigwa skani siku alipoajiriwa. Niliporudi kuitazama nikakuta chini kabisa, kwa herufi ndogo zilizofifia, mstari unaosema maelezo ya alama na yuniti yako nyuma. Kesho yake asubuhi nikaenda ofisi ya rasilimali watu, wakanitolea faili lake kabatini. Transkripti halisi ilikuwamo, yenye mhuri, ndani ya bahasha yake. Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kilieleza alama: A ni 70 na kuendelea, B ni 60 hadi 69. Cha pili kilikuwa na sentensi moja: yuniti moja ni sawa na saa 45 za mihadhara.

Saa 45 ni wiki 15 mara saa tatu, yaani kozi kamili ya saa tatu za muhula kama inavyofundishwa hapa. Aliyejaza jedwali aliona safu yenye tarakimu 1, 1, 1 mara kumi, akajumlisha, akapata 10. Alipaswa kupata 30.

Kile kisanduku cha kwanza nacho hakikuwa kidogo. Jedwali haliulizi alama, lakini msomaji ni binadamu. Mkaguzi aliyezoea mfumo ambao 90 ndiyo A anapoona mtu ana 68 katika ekonometria (takwimu zinazotumika katika uchumi) huanza kumtilia shaka kabla hajafika safu ya nne. Kwenye karatasi ile 68 ilikuwa B nzuri. Kwa hiyo ukurasa wa nyuma ukikosekana, mhadhiri hapotezi saa tu, hupoteza na heshima yake mbele ya watu asiowahi kukutana nao.

Hata hivyo, sikuweza kuandika "mimi nimesoma nyuma ya karatasi" nikaishia hapo. Chuo hutegemea tathmini ya taasisi huru kwa vyeti vya nje, na faili lilikuwa nayo tayari. Tatizo ni kwamba ilikuwa ya aina fupi, ile inayotaja shahada na kusema ni sawa na uzamili wa Marekani, basi. Ipo aina ya pili inayopitia kozi moja moja na kuipa kila moja saa zake za muhula. Ni ghali zaidi, huchukua muda zaidi, na mtu anayeomba kazi kwa haraka huchagua ile fupi kwa sababu hakuna aliyemwambia tofauti. Chuo kilikubali kulipia tathmini ya pili. Majibu yalipokuja, kozi kumi zilipewa saa tatu kila moja, na tasnifu ikapewa saa sita.

Hapo kikao kikapumua, na mimi nikaanza kuwa na wasiwasi. Saa 36 za uzamili si saa 36 za takwimu.

Tukakaa watatu: mimi, mkuu mpya wa idara ya hisabati, na mhadhiri mmoja wa kudumu aliyesomea takwimu hasa. Tukaweka orodha mezani. Kozi nne hazikuwa na ubishi: mbinu za takwimu, ekonometria ya kwanza, ekonometria ya pili, na usampulishaji katika tafiti. Hizo ni saa 12. Kozi nne nyingine hazikuwa na ubishi upande wa pili: nadharia ya uchumi mdogo, ya uchumi mkubwa, sera ya kilimo, na uchumi wa uzalishaji shambani. Zikabaki mbili, pamoja na tasnifu.

Ya kwanza iliitwa mbinu za utafiti. Jina hilo hudanganya kila upande. Kuna vyuo ambako kozi hiyo ni namna ya kuandika pendekezo na kupanga marejeo. Kuna vyuo ambako ni takwimu tupu. Jina lisingetusaidia, tulihitaji muhtasari wa kozi. Mama alikuwa nao. Alikuwa amehifadhi muhtasari wa kozi zake zote kwenye faili la plastiki lililovuka bahari pamoja naye. Zaidi ya nusu ya wiki za kozi ile zilikuwa usanifu wa majaribio, uchambuzi wa tofauti na upimaji wa nadharia tete. Tukaihesabu, tukaambatisha muhtasari. Saa 15.

Ya pili ilikuwa utafiti wa uendeshaji: upangaji wa mstari, matatizo ya usafirishaji, mitandao. Mkuu wa idara alitaka tuihesabu. Ingetufikisha 18 barabara, na mkaguzi asingeuliza zaidi. Mwenzetu wa takwimu akakataa, nami nikawa upande wake. Kozi ile ni hisabati ya kuamua, haina mambo ya nasibu, haina sampuli wala makisio. Mtu wa fani akiiona kwenye orodha ya takwimu atajua mara moja kwamba tulikuwa tunatafuta namba, na akishajua hivyo atazisoma na zile 15 safi kwa jicho la mashaka. Tasnifu nayo tuliiacha kwa sababu hiyohiyo. Ilitumia rejeshi ya mstari, lakini swali lake lilikuwa la bei za mazao.

Tukabaki na 15. Saa tatu pungufu. Naamini mpaka leo kwamba huo ndio uamuzi bora tuliofanya katika kazi yote. Ulitulazimisha kuiandika safu ya nne kama inavyopaswa kuandikwa.

Mama alifanya kazi miaka tisa katika idara ya serikali nyumbani, akipanga na kuchambua tafiti za kaya. Wasifu wake ulisema hivyo, lakini wasifu ni maneno ya mwenye nao. Tuliandika kuomba barua. Barua ya kwanza ilikuja na mstari mmoja: kwamba alikuwa mtumishi wa idara tangu mwaka fulani hadi mwaka fulani, mwenye nidhamu. Ni barua nzuri kwa anayetafuta nyumba ya kupanga. Tukaandika tena, safari hii tukiuliza maswali: alisanifu sampuli za tafiti zipi, alikokotoa nini, alisimamia nani. Barua ya pili ilikuja na ukurasa na nusu, ikiwa na ripoti mbili zilizochapishwa ambazo jina lake limo kati ya walioandaa sehemu ya mbinu.

Kisha tukachukua malengo ya kozi yenyewe, yale yaliyomo kwenye muhtasari wanaopewa wanafunzi, tukayaweka upande mmoja wa karatasi: kueleza data, uwezekano, mgawanyo wa sampuli, vipindi vya kuaminika, upimaji wa nadharia tete, rejeshi sahili. Upande wa pili tukaandika kila lengo limebebwa na nini. Badala ya "ana uzoefu wa miaka mingi katika takwimu", maneno yaliyoingia kwenye jedwali yalikuwa ya namna hii:

"Saa 15 za uzamili katika takwimu na ekonometria (tazama tathmini ya kozi moja moja na muhtasari ulioambatishwa). Miaka tisa ya kusanifu sampuli za tafiti za kaya, kukokotoa makosa sanifu (standard errors) na vipindi vya kuaminika vya makadirio yaliyochapishwa (tazama barua ya mwajiri na ripoti mbili). Kazi hiyo inahusiana moja kwa moja na malengo ya 3, 4 na 5 ya kozi. Malengo ya 1, 2 na 6 yanabebwa na masomo ya uzamili yaliyotajwa."

Sentensi nne. Kila moja inamwonyesha msomaji ukurasa wa kufungua. Hatukuficha kwamba ni 15, tuliitanguliza. Tathmini za wanafunzi, ambazo ni nzuri sana, tuliziweka mwisho kwa mstari mmoja. Mwongozo unaruhusu ubora wa ufundishaji uhesabiwe, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kushuhudia kama mwalimu wake anaijua fani kwa kina. Anashuhudia kama ameelewa, na hilo ni jambo jingine.

Wakaguzi walipofika chuoni, mmoja wao alimwomba mkuu wa idara aeleze kwa nini utafiti wa uendeshaji haukuhesabiwa. Akaeleza. Mkaguzi akaandika kitu, akafungua mstari uliofuata. Kwenye ripoti yao hapakuwa na pendekezo lolote, yaani agizo la kurekebisha, juu ya 6.2.a, kwa mama wala kwa wale wengine.

Nimejiuliza mara nyingi kosa lilikuwa wapi, na sidhani lilikuwa kwa karani aliyejumlisha yuniti. Yeye alipewa ukurasa mmoja na tarehe ya mwisho. Kosa lilianza siku mama alipoajiriwa. Aliajiriwa wiki moja kabla ya muhula kuanza, baada ya mhadhiri mwingine kuacha kazi ghafla. Mkuu wa idara wa wakati huo, ambaye sasa amestaafu, alimhoji kwa saa nzima na akaridhika. Nilimpata kwa simu, na bado anayakumbuka mahojiano yale: alimpa tatizo la sampuli za tabaka, mama akalitatua ubaoni kwa njia mbili. Alimwandikia mkuu wa kitivo barua pepe kumthibitisha. Alipostaafu, akaunti yake ikafungwa, na barua pepe ikaenda nayo. Hukumu ya kitaaluma ilikuwepo, na ilikuwa sahihi. Haikuwekwa mahali pake, na sisi tuliokuja baadaye tukatakiwa kuijenga upya kutokana na vipande.

Ndiyo maana sasa tuna karatasi moja ambayo mkuu wa idara huijaza kabla mkataba haujatiwa saini. Ina mstari mmoja kwa kila kozi, si kwa kila mhadhiri, kwa sababu mtu hastahili kwa ujumla, anastahili kufundisha kitu fulani. Mwenye uzamili katika fani yenyewe anaandikiwa sentensi moja na kazi imekwisha. Wakuu wa idara walinung'unika mwanzoni. Wengine bado wananung'unika, na nawaelewa, maana Agosti hawana muda wa kupumua. Lakini dakika 20 za mtu aliyetoka kumhoji mhadhiri hazilingani na miezi miwili ya watu watatu wasiokuwepo. Transkripti za nje tunazipiga skani pande zote mbili hata kama nyuma hakuna kitu, na mwombaji anaambiwa mapema ni tathmini ya aina gani tunayoitaka.

Kwa anayesoma hapa akiwa na mpango wa kufundisha huku: beba muhtasari wa kozi zako za uzamili kabla hujaondoka, ukiwa na mhuri wa idara kama inawezekana. Mihtasari hubadilika, walimu huhama, na baada ya miaka kumi hakuna atakayejua kozi yako ya mbinu za utafiti ilikuwa na nini ndani. Barua ya mwajiri iombe ungali kazini, na uombe iandike ulichofanya, si cheo tu.

Mwezi uliopita idara ya biashara ilikuja kuomba mama afundishe utangulizi wa uchumi muhula ujao. Wengi walidhani hilo limeshamalizika, kwa kuwa "alishapita". Alipita kwa takwimu. Kwa uchumi orodha inasomwa upya: zile kozi nne tulizoziweka kando sasa ndizo za mbele, na ekonometria zote mbili zinaweza kuhesabiwa hapa pia, kwa kuwa hoja hujengwa kwa kila kozi peke yake. Hiyo ni 18 kabla hatujagusa tasnifu ya bei za mazao. Mkuu wa idara ya biashara ameshapewa ile karatasi. Mama ameniletea faili la plastiki, nimelifungua kwenye nadharia ya uchumi mdogo, na muhtasari wake una kurasa mbili, mbele na nyuma.